Mistari ya Majivu

Jumatatu, 5 Mei

Nimeswali, nimefagia uwanja, nimekanda unga wa chapati. Mwanangu Zaituni katoka kukimbia saa kumi na moja na nusu. Nimesimama mlangoni na tochi mpaka nikaacha kumsikia. Kanda unga, sikiliza. Kanda, sikiliza. Ndizo asubuhi zangu siku hizi. Naogopa malori ya barabara ya Iringa. Naogopa tembo, juzi walipita nyuma ya gesti wakaacha mavi njiani. Naogopa hata mvua. Karudi salama. Jasho, njaa, chapati tatu.

Mwisho wa mwezi huu, Kilosa, watachagua wasichana wawili wa mbio za mita elfu tatu waende mashindano ya mkoa, Morogoro. Wawili tu. Mwanangu ana miaka kumi na tano na hajawahi kuniomba kitu. Viatu vya shule nanunua nikiona mwenyewe vidole vimetokeza. Jana kasema, "Mama, hii naitaka."



Jumatano, 7 Mei

Nimepeleka chapati za walimu shuleni, nikakaa pembeni kutazama mazoezi. Anaongoza Grace, msichana wa Ruhembe, mrefu kama mlingoti. Hatua moja ya Grace ni mbili za Zai. Zai wenzake wanamwita Cherehani kwa vile miguu yake inakwenda titititi kama sindano. Wakamtania, "Cherehani, tushonee sketi ukifika." Kacheka nao. Mimi sikucheka.

Ufupi ule ni wangu. Baba yake mrefu. Yuko kwenye mashamba ya miwa, akirudi Jumamosi anainama mlangoni. Angemrithi baba yake. Kanirithi mimi, ninayepanda kigoda kushusha sufuria.

Walipotawanyika nikaingia uwanjani. Udongo ulikuwa na unyevu, nyayo za Grace zimekaa vizuri. Nikatoa kamba ya katani niliyofungia mfuko wa chapati, nikapima toka kisigino hadi kisigino. Nikafunga fundo. Hakuna aliyeniona, labda kuku wa mlinzi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimechota majivu jikoni. Njia ya nyuma, toka chooni hadi kwenye mpapai wa jirani, nimeipiga mistari. Kila mstari uko mbali na mwenzake kwa kipimo cha kamba ile. Nimemwambia Zai awe anakanyaga mistari. Kauliza nani kasema. Nikasema ndivyo wakimbiaji wanavyofanya.

Uongo. Hakubisha. Mtoto wangu habishi, ndiyo kasoro yake.

Jumapili, 11 Mei

Anaifikia mistari. Anaruka kama swala. Nimefurahi mpaka nikaunguza chapati. Kila alfajiri nafagia, naweka majivu mapya.

Mwalimu wa michezo kamwambia anaanza vizuri siku hizi, ila raundi ya tano anaishiwa pumzi. Nikamwambia utazoea.

Ijumaa, 16 Mei

Zamani nilikuwa nikimsikia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Leo nilikuwa jikoni nikasikia dun. Kimya. Dun. Kimya. Kama mtu anapasua kuni. Sikupenda.

Nimemkuta anaosha miguu, kajipinda. Mfupa wa mbele wa mguu wa kulia, pale chini ya goti kwenda kwenye kifundo, umevimba. Nilipogusa kang'ata khanga. Unamuuma tangu Jumanne. Nikamuuliza kwa ukali, kwa nini hukusema?

"Nilikuwa nakuona umeshaamka, unaweka majivu."

Nimekwenda nyuma ya banda la kuku. Nimelia.

Jumamosi, 17 Mei

Zahanati. Nesi ni binti mdogo lakini mkali. Kamwambia akimbie kidogo pale barazani, aende na kurudi. Kamtazama miguu, si uso.

"Mama, huyu anarusha mguu mbele mno, halafu anaukanyagia kisigino. Mfupa ndio unaopigwa. Hatua hizi si zake. Nani kamfundisha?"

Nikatazama ukutani. Zai kasema, "Nimejifunza mwenyewe."

Kanifichia. Mtoto kanifichia mimi.

Wiki moja asikimbie kabisa. Kutembea ruhusa. Baada ya hapo mashindano yatakuwa yamebaki siku sita. Njia nzima ya kurudi nilitaka kumwambia habari ya kamba. Mdomo ukakataa.

Jumapili, 18 Mei

Nimeomba ruhusa shuleni, tumekuja Kisanga kwa mama yangu. Sitaki akae kwetu Mikumi akisikia wenzake wanapita kukimbia. Mama ni mfupi kuliko sisi wote wawili. Kamwona mjukuu anachechemea, kaanza hapohapo: "Karibu, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume na mguu mmoja?" Zai kacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Nimemsugua mguu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Katulia. Ananiruhusu nimsugue kama alivyokuwa mdogo.

Nampenda mtoto huyu mpaka inaniuma.

Jumanne, 20 Mei

Naandika haraka, nisije nikasahau.

Asubuhi tumekwenda kisimani, mimi na Zai. Nilimkataza kubeba, kasema kutembea karuhusiwa. Kajitwika ndoo kubwa, kata ya khanga kichwani, mikono chini. Mimi nyuma yake. Njia ya kutoka kisimani ina kilima na mawe. Nilikuwa namtazama mguu, namngoja achechemee.

Hakuchechemea.

Anakwenda kwa hatua fupi fupi, za haraka, mguu unatua chini yake mwenyewe, si mbele. Kichwa kimetulia kama kimepigiliwa. Ndoo haina hata jani la kuzuia maji yasiruke, na halijaruka hata tone. Kilimani hakupunguza. Akafupisha tu hatua, miguu ikazidi kwenda. Titititi. Mimi nimembeba huyu mgongoni kwenye njia hii hii, kichwani nina ndoo, kwa mwendo huu huu. Hakufundishwa na mtu. Kauzoea kabla hajajua kutembea.

Na mimi nikaenda kumpimia hatua za mtoto wa watu.

Nikamwita. Kageuka mwili mzima, taratibu, kama tunavyogeuka na ndoo.

"Mguu unauma?"

"Hauumi."

Nikamwambia pale pale njiani. Kamba, nyayo za Grace, fundo, uongo wangu. Yeye na ndoo yake kichwani. Nilidhani atakasirika. Kasema, "Mama, uliinama uwanjani mchana kweupe unapima nyayo?" Kaanza kucheka, na hapo ndipo maji yakamwagika, yakatulowesha wote.

Bibi yake kuona ndoo nusu kasema wake wa siku hizi hawawezi kazi.

Jumapili, 25 Mei

Tumerudi Mikumi. Nimefagia majivu yote. Yaliyogandia nimeyakwangua kwa jembe.

Leo ndiyo siku ya kwanza kukimbia. Nilikataa aende peke yake. Nimejifunga khanga juu ya suruali ya baba yake, nikakunja miguu mara tatu, nikaenda naye. Nimemwambia, beba ndoo yako. Kajua ninachosema. Kanyoosha shingo, kaanza.

Nilimwambia anisimulie kitu, nijue kama anaumia. Kasimulia habari ya mwalimu wa hesabu aliyekaa juu ya chaki iliyolowa. Alipoanza kukatakata maneno nikamwambia punguza. Aliposimulia bila kuhema nikamwambia ongeza kidogo. Hivyo hivyo mpaka kwenye kibanda cha mkaa. Kule mwisho tukaupata mwendo ambao hadithi inatoka nzima na miguu haisimami. Mimi nilikuwa siwezi kusema hata neno. Dereva mmoja wa lori katoa kichwa, kauliza nani anamfukuza mwenzake.

Mguu hauumi. Nimemuuliza mara nane.

Jumatano, 28 Mei

Kashika simu yangu, kaweka dakika moja, nikahesabu mguu wake wa kulia unapotua. Tisini na moja. Kisha kajaribu zile hatua za majivu, mara moja tu, ili tujue. Sabini na tano. Kasema, "Ona, nilikuwa narukaruka tu."

Kaongea na mwalimu. Mwalimu kamwambia sawa, ila wiki nzima umekosa, usitegemee sana. Kwangu kasema hivyo hivyo. Nimejibu ndiyo mwalimu. Moyoni sikujibu vizuri.

Mimi naogopa kuliko yeye. Akikosa, kosa ni la majivu yangu. Hilo nalijua na sitalisema kwake.

Jumamosi, 31 Mei

Kilosa. Nimeapa sitapiga kelele. Baba yake hakupata ruhusa, kanituma nimwangalie kwa macho yake pia.

Wasichana kumi na moja. Raundi saba na nusu. Grace katoka kama upepo, na kundi likamfuata. Zai wa tisa. Niliona shingo imenyooka, nikajua kabeba ndoo yake. Raundi ya tatu, wa nane. Watu nyuma yangu wanacheka, "Huyo mfupi anatwanga." Raundi ya tano, pale alipokuwa akiishiwa pumzi, miguu ikaendelea vile vile. Wenzake ndio waliorudi nyuma, mmoja mmoja. Wa sita. Wa nne.

Raundi ya mwisho, Zai wa tatu, na wa pili yuko mbele yake kama hatua kumi. Kila mtu anapiga kelele, "Panua miguu! Vuta hatua!" Hata mwalimu. Nikamwona Zai anataka kutii. Hatua moja ikarefuka, ikapiga dun. Akanitazama.

Nilikuwa na neno hilo hilo mdomoni. Nimelimeza. Nikaweka mkono juu ya kichwa changu, kama ninayeshika ndoo isianguke.

Akafupisha. Ikarudi titititi, ikazidi, ikazidi, mpaka sikuweza kuitenganisha. Kampita msichana yule mbele ya meza ya waamuzi. Sikujua kama kampita kweli. Nilijua pale Grace, aliyekwisha kufika, alipomnyanyua juu akisema, "Cherehani, tunakwenda wote."

Grace kaja kunisalimu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Nikaangalia miguu yake mirefu ile, nikaona aibu, nikampa chapati zote zilizobaki.

Alhamisi, 12 Juni

Zaituni kaondoka kwenda Morogoro. Gari la shule limemchukua saa mbili. Kabla ya hapo kakimbia njia ya nyuma kidogo, mara mbili, kujinyoosha. Sikwenda naye. Nilikanda unga, nikasikiliza.

Sasa kimya. Nimemfungia khanga yangu kwenye begi, ya kujifunika kukiwa na baridi. Sijui kama atakula vizuri. Sijui watalala wangapi chumba kimoja.

Nimetoka na ufagio. Usiku kulinyesha manyunyu, udongo ulikuwa laini, nyayo zake zimekaa toka chooni hadi kwenye mpapai. Ndogo, karibu karibu, zote sawasawa. Nikarudi ndani kuchukua ile kamba. Nikafungua fundo la zamani, lilikuwa limekaza, nimetumia meno. Nikapima hatua ya mwanangu, kisigino hadi kisigino. Nikafunga fundo hapo.

Nimeiweka kwenye kopo la sindano na nyuzi.

Uwanja wa mbele nimeufagia. Njia ya nyuma nimeiacha.