Mapendo Alitangulia Kusema Kweli

Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi na Kitengela yote imekuwa rangi ya vumbi. Nimerudi kutoka Kajiado jioni, nikaoga, nikakaa kitandani na simu. Naandika kwa haraka, kwa hivyo mkiona makosa ya herufi mnisamehe.

Leo nilidanganya kortini. Nilishika Biblia, nikaapa, halafu nikadanganya.

Sijawahi kumtaja Mapendo hapa kwa jina. Ni msusi wangu, Mkongo. Yeye na mume wake Amisi walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti ndogo wakikimbia watu wenye bunduki, wakapita Tanzania, wakaingia Kenya kwa miguu, porini, upande wa Namanga. Walitaka kwenda kuomba hifadhi kama wakimbizi, lakini wakaambiwa watashikwa kabla hawajafika ofisini. Wakaogopa, wakabaki hapa. Amisi akapata kazi kwenye kwari ya mawe. Mapendo akaja saluni kwangu kuuliza kama niko na kiti kimoja cha ziada.

Habari ya boti alinisimulia mara moja tu, akisuka, bila kuinua macho. Wale wenye bunduki walikuwa wamefika ufuoni wakipiga risasi, na waliokuwa bado majini waling'ang'ania ukingo wa boti. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, ikaanza kulala upande. Mwenye boti akachukua kasia, akaanza kuwaponda vidole. Mmoja wao alikuwa Sifa, dada yake Mapendo. Mapendo alimshika mkono. Mwenye boti akaponda, akaponda tena, mpaka Sifa akaachilia.

Nilimwekea chai.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Saluni ilikuwa imejaa. Mapendo alikuwa amemaliza kichwa cha mteja na ameshika birika la maji yanayochemka, yale ya kuchovya ncha za rasta. Amisi alikuwa amepitia kula. Wakaingia askari watatu waliovaa kiraia, mmoja na bastola mkononi, wakauliza vipande, yaani vitambulisho. Amisi akainua mikono. Akasema kwa ile Swahili yao, "Afande, siye ni bakimbizi." Hakumaliza. Kitako cha bastola kilimpata mdomoni, meno mawili yakaanguka kwenye vigae vyangu.

Alipoanguka, yule kijana kati ya wale askari alimkanyaga vidole. Si kwa bahati mbaya. Aliweka kiatu, akaanza kuuliza maswali, na kila swali alizungusha kisigino. Wewe uliingiaje. Nani alikuleta. Wenzako wako wapi. Nilisikia mfupa. Amisi alikuwa analia kama mbuzi anayeshikwa na fisi, na sisi wote, wanawake watu wazima, tulikuwa tumebana ukutani.

Mapendo akasema, "Muachilie mukono." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Akarudia. Yule kijana hata hakugeuka.

Mapendo akammwagia birika lote shingoni.

Yale mayowe bado nayasikia. Ngozi ilitoka na kola ya shati. Wenzake walimrukia Mapendo, wakampasua juu ya jicho, akaanguka, wakampiga mateke ya tumbo mpaka akatapika damu juu ya nywele tulizokuwa tumefagia. Mteja wangu alikuwa chini ya meza, kichwa bado kinachuruzika maji. Mimi nilikuwa nimeshika kitana.

Wakashtakiwa wote wawili kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, na Mapendo akaongezewa shtaka la kumjeruhi askari. Amisi aliachiliwa kwa dhamana. Mapendo akapelekwa rumande. Sikuwahi kwenda kumwona. Mmoja wa wale askari alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha Mapendo, akaniambia nikijifanya ndugu yao nitaunganishwa nao kwa kosa la kuwaficha.

Hata hivyo wakili wao aliponiomba nitoe ushahidi, nilikubali. Hakunifundisha la kusema. "Jibu unachoulizwa tu, Mama Naserian," alisema. Uongo niliupika mwenyewe.

Leo nilikaa nje kwenye benchi Mapendo akijitetea, maana shahidi haruhusiwi kusikia. Nikaitwa. Nikasema sakafu ilikuwa na maji, Mapendo akateleza, birika likamponyoka. Nilisema vizuri hata nikajishangaa.

Kiongozi wa mashtaka alisimama. Ni mwanamke wa rika langu, mpole.

"Mama, wewe ulikuwa nje mshtakiwa akitoa ushahidi wake?"

"Ndiyo."

"Ametuambia hakuteleza. Ametuambia alimmwagia kwa kupenda kwake, na alilenga. Sasa ni nani anatudanganya, wewe au yeye?"

Nilimwangalia Mapendo kizimbani. Amekonda, na ana kovu linalokata nyusi. Alikuwa ananitazama vile humtazama mteja asiyetulia kichwa.

"Ni mimi," nikasema.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Unajua naweza kukufunga sasa hivi?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Basi sema kilichotokea."

Nikasema. Meno, kisigino, maswali, mfupa. Nilisema aliomba mara mbili ndipo akamwaga. Nilipofika kwa Sifa na kasia, kiongozi wa mashtaka akasimama tena. "Mheshimiwa, mambo ya boti hayako mbele ya korti hii."

"Muache amalize," hakimu akasema.

Yule askari kijana alikuwa mbele, shingo yote imekunjamana, nyekundu. Niliposema "kisigino" aliinamisha kichwa. Sikusikia raha. Ni mtoto wa mtu, na hatapata tena shingo nyingine.

Hukumu ikasomwa baada ya chakula cha mchana. Shtaka la kuingia nchini likafutwa kwa wote wawili. Hakimu alisema mtu anayekimbia kifo hatupwi jela kabla hajasikizwa, na akaagiza waandikishwe kwa maofisa wa wakimbizi. Lakini kwa maji, Mapendo ana hatia. Miezi sita, ikitolewa ile aliyokaa rumande. Mimi niliambiwa niende nyumbani nikashukuru Mungu, na nisirudi tena kwenye korti hiyo na mdomo wa namna hiyo.

Walipomtoa, alipita karibu nami. Askari jela alikuwa mama wa Kimaasai, nikamsihi kwa Kimaa, akasimama kidogo.

"Juu ya nini ulidanganya?" Mapendo akaniuliza.

"Nilitaka utoke."

"Hapana." Alikuwa anatabasamu kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kule ziwani mi nilinyamaza, miye na batu bote. Hapa sikunyamaza. Wewe ulitaka kubaambia niliteleza. Ulinionea haya?"

Mlango ukafungwa kabla sijajibu.

Amisi yuko sebuleni kwangu sasa. Vidole vitatu havikunji. Nimempa uji kwenye bakuli pana ili aweze kuushika kwa viganja. Mume wangu amekuja mara mbili mlangoni kunitazama, akarudi.

Nimejaribu kujibu lile swali. Nimeandika hapa kwamba niliogopa, nikafuta. Nimeandika kwamba nilimpenda, nikafuta. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo ndilo aliloniuliza.

Nilimwonea haya? Au nilijionea haya mimi, niliyesimama na kitana?

Ijumaa wanaruhusu wageni gerezani. Safari hii nitaenda.