Mwezi Uliosalimiwa

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naanza kwa adabu, kwa sababu mbele kidogo nitakulaumu.

Tangu ulipokwenda Mackinnon Road kwa kazi ya reli, kamera yako ya sanduku iko chini ya kitanda changu. Ile darubini iliyovunjika jicho moja nimeifunga kwa kipande cha kanga ya mama isiingie mchanga. Nyumba yetu hapa Msambweni ni ile ile, ila mimi naiona imepungua.

Unaikumbuka picha yetu ya kwanza? Ulikipindua kinu cha mama uani, ukaweka kamera juu yake na darubini mbele ya kioo chake, ukavifunga pamoja kwa ukili wa mkeka. Mama akasema, "Nyinyi wawili, mpunga wangu nitautwangia wapi?" Ukamjibu, "Dada, subiri. Leo tunatwanga mwezi."

Uliniambia mwezi unatembea, kwa hiyo kamera isiachwe wazi zaidi ya pumzi moja. Ukaifungua, na hapo hapo jirani yetu Bi Mwanakombo akapiga hodi. Nawe huwezi kumkatiza mtu mzima salamu. Ukamwamkia, ukamuuliza watoto, ukamuuliza mguu, ukamuuliza na yule mbuzi aliyepotea. Mbuzi alikuwa na habari ndefu. Ulipokumbuka kuifunga kamera, mwezi ulikwisha kwenda zake. Picha ilipotokea kwenye bakuli la dawa, chini ya kandili uliyoifunika kitambaa chekundu, tuliona kitu kirefu cheupe kama tango. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Huu," ukasema, "ni mwezi uliosalimiwa."

Baada ya hapo kazi yangu ikawa kusimama mlangoni na kuwapokea wageni, mimi ambaye hata mwalimu akiniita jina natazama miguu yangu. Tukapata mwezi wenye madoa yake yote. Mushtarii, ile sayari kubwa, tulimwona na nyota zake ndogo zimejipanga ubavuni, lakini kamera haikumpata. Ulisema, "Jicho limeona, yatosha."

Haitoshi tena, Mjomba. Siku chache kabla ya Ramadhani, Baba aliniambia, "Mwezi wa Idi ukiandama, shule basi. Umekuwa mkubwa, utakaa ndani na mama yako." Unanijua, nilitazama miguu yangu. Mwezi mzima wa kufunga, shule ikiwa imefungwa, nimekuwa nikijaribu maisha hayo: kutoka chumbani hadi uani, kutoka uani hadi jikoni. Mbingu yangu ni kipande kilichobaki kati ya paa la makuti na ua. Na mimi, niliyekuwa nikiungoja mwezi mwandamo kuliko mtu yeyote, nikawa naomba usionekane.

Jana jioni wingu lilifunika upande wa vilima, jua linakotua. Wanaume walikwenda kutazama kwenye uwanja wa msikiti, wakarudi. "Hakuna kitu," Baba alisema. "Kesho tunafunga." Kamera ilikuwa tayari juu ya kinu, na picha moja tu imebaki katika filamu. Mara wingu likapasuka. Nikauona kwenye darubini, mwembamba kama uzi, na hakuna mwingine aliyeuona.

Ningenyamaza ningepata siku moja zaidi, na watu wote wangefunga siku ya Idi. Niliifikiria siku hiyo moja kuliko ilivyonipasa. Kisha nikapiga picha, nikaifunga kamera kabla mtu hajanisalimu, nikaita, "Baba!" Sauti ilitoka kubwa, nikaiogopa mwenyewe.

Baba akainama kwenye kinu. Hakuwahi kutazama hata siku moja. "Subhanallah," akasema. Kisha, "Nani kakufundisha?"

"Mjomba."

Akatoka mbio kuwaita wenzake, na takbira zikaanza. Mama alinitazama, mikono ina unga, akasema taratibu, "Mwanangu, umejiitia mwenyewe."

Leo ni Idi. Baba hajalifuta neno lake la shule. Wakati wa kula aliniuliza tu kama Mushtarii naye huonekana kwa darubini ile. Nikasema ndiyo, nikakusanya sahani bila kuuliza habari ya shule.

Hapa ndipo ninapokulaumu. Kwetu mjomba ana neno juu ya mwana wa dada yake, na Baba anajua hivyo. Lakini neno lako halitapanda treni peke yake, na salamu unazowaletea watu hazimfikii Baba kama utakavyomfikia wewe.

Filamu imo ndani ya kamera, sithubutu kuifungua bila wewe. Shule inafunguliwa baada ya sikukuu. Mama ameifua sare yangu, ila hajaipiga pasi. Imekunjwa kwenye kiti chako.

Wako anayekungoja,
Mwana wa dada yako