Magunia Ishirini ya Chumvi ya Ng'ombe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Enesi Yesaya Silwimba
Umri: Miaka 18
Kabila: Mnamwanga
Dini: Mkristo
Kazi: Kibarua kwenye ghala la chumvi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana
Makazi: Mtaa wa Sogea, Tunduma, kwa shangazi
Mahali na muda: Kituo cha Polisi Tunduma, tarehe 18/02/2025, saa 4:20 asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe.

Tangu mwezi Desemba nafanya kazi kwa mzee Zahoro, mwenye kampuni ndogo inayoitwa Nuria Chumvi. Nuria ni jina la binti yake. Kampuni ina ghala moja na wafanyakazi wanne, wote wanawake. Chumvi inatoka Ivuna kwa lori. Nyingine ni ya kula na nyingine ni ya ng'ombe. Ya kula tunaitandaza kwenye turubai, dada Fides anaipulizia madini joto kwa bomba la mgongoni, tunaigeuza kwa koleo, ikikauka tunaijaza kwenye magunia. Ya ng'ombe haipuliziwi. Magunia yote ni meupe na hayana maandishi. Tunayatofautisha wakati wa kufunga: ya kula tunafunga kwa uzi wa bluu, ya ng'ombe kwa kamba ya katani. Siku yangu ya kwanza mzee Zahoro alinionyesha mwenyewe. Alisema, "Hapa kwetu uzi ndiyo lebo, mwanangu."

Mnamo tarehe 06/02/2025, siku ya Alhamisi, mzee Zahoro alikuwa Ivuna. Wenzetu wawili hawakuja kazini kwa sababu ya mvua ya asubuhi. Saa 8:00 mchana dada Fides alimpeleka mtoto wake kliniki, nikabaki peke yangu. Saa 8:30 alifika dereva wa pikapu anayeitwa Aliko kuchukua magunia ishirini ya chumvi ya ng'ombe, mali ya wafugaji wa Msangano. Yalikuwa yameshajazwa lakini hayajafungwa. Kamba ya katani ilikuwa imekwisha.

Nilimwomba Aliko asubiri nikanunue nyingine sokoni. Alisema, "Mdogo wangu, hilo wingu hulioni? Nikichelewa nalala njiani na chumvi yako. Funga na hiyo ya bluu." Nikamwambia ile ni ya chumvi ya watu. Akacheka, akasema, "Kwani ng'ombe anaangalia uzi?"

Mimi si mwepesi wa kubishana na watu walionizidi umri. Nilifunga magunia yote ishirini kwa uzi wa bluu. Nilijiambia kwamba yanakwenda moja kwa moja kwa wafugaji, na wao wanajua walichoagiza.

Saa 11:15 jioni Aliko alirudi na mzigo wote. Alisema maji yamepita juu ya barabara. Dada Fides alikuwa amesharudi. Alimwambia, "Aliko, hiyo ni chumvi bado au umetuletea supu?" Wakacheka. Tulianza kuyashusha. Msangano huwa tunapeleka chumvi za aina zote mbili, kwa hiyo dada Fides alipoona uzi wa bluu alisema yapangwe kwenye rundo la chumvi ya kula. Nilikuwa nimeshika gunia upande mmoja na yeye upande mwingine. Nilisema, "Dada Fides." Akasema, "Jamani, leo Enesi ameongea! Mvua haitakatika hii." Wakacheka tena, tukalipeleka gunia kwenye rundo. Sisemi hivi ili kumlaumu. Ananitania kila siku na hajawahi kunitendea vibaya.

Niliamua nitamwambia mzee Zahoro mwenyewe. Ijumaa tarehe 07/02/2025 alifika ghalani saa 3:00 asubuhi akiwa na wageni, kisha akaenda msikitini. Nikasubiri arudi. Kabla hajarudi, magunia kumi na mawili yalipakiwa kutoka kwenye rundo lile yakapelekwa duka la jumla la Abdulwahab, pale Majengo. Nilikuwepo. Nilijiambia huenda yaliyokwenda ni yale mengine, yaliyopuliziwa. Sikuwa na hakika. Nilikaa na jambo hilo siku tano bila kumwambia mtu.

Mnamo tarehe 12/02/2025 saa 4:00 asubuhi alifika mkaguzi wa serikali akiwa na gunia moja kutoka dukani kwa Abdulwahab. Alidondosha dawa juu ya chumvi mbele ya macho yetu. Chumvi yenye madini joto hugeuka rangi na kuwa kama bluu iliyoiva. Ile ilibaki nyeupe. Alirudia mara tatu, ikabaki nyeupe. Akasema chumvi hii inakwenda majumbani, watoto wanaila. Akasema pia kwamba ghala linalotegemea uzi badala ya maandishi lilikuwa linasubiri siku kama hii. Hapo alisema kweli.

Aliuliza, "Nani alifunga gunia hili?"

Mzee Zahoro aliokota uzi uliokatwa akautazama. Mimi natumia mkono wa kushoto na fundo langu linalalia upande tofauti na la wenzangu. Hakunitazama mimi. Akasema, "Nimefunga mimi."

"Ulijua ni ya ng'ombe?"

"Nilijua."

"Mzee, unajua unachokisema?"

"Andika."

Mkaguzi aliandika. Alifunga ghala na kubandika karatasi mlangoni kwamba mwenye kampuni ana siku saba za kujieleza, la sivyo leseni inafutwa. Akasema kwa kuwa mwenyewe amekiri alijua, suala litakuja polisi kama udanganyifu.

Tulipotoka nje mzee Zahoro aliniita pembeni. Alisema, "Wewe unasubiri kupangiwa kidato cha tano. Ukiingia kwenye mafaili ya watu utatoka lini? Baba yako alikuleta kwangu kwa mikono miwili. Nyamaza, mwanangu." Nilimtii. Sikupata shida kumtii kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kunyamaza.

Tangu siku hiyo dada Fides na wenzetu wawili wanakuja kila asubuhi na kukaa kwenye ngazi za ghala kama vile litafunguliwa. Mimi pia nakuja. Dada Fides hanitanii tena. Jana mzee Zahoro alitupitia, akatuambia tuanze kutafuta kazi kwingine kwa sababu tarehe 19 siku saba zinakwisha. Alimshukuru kila mmoja kwa jina lake. Aliponifikia alisema, "Ahsante, Enesi," na mimi nikasema, "Ahsante, baba."

Nimefikiri sana kabla ya kuja hapa. Bibi yangu wa Msangano ana rovu, uvimbe wa shingoni wa kukosa madini joto, tangu ujana wake, kwa hiyo naelewa mkaguzi alikuwa anasema nini, na sidai kwamba hili ni suala la uzi tu. Ninachotaka kieleweke ni hiki. Mzee Zahoro hakufunga magunia yale. Siku ile alikuwa Ivuna, na dereva wa lori lililomrudisha anaweza kuulizwa. Hakujua lolote hadi alipoona fundo. Kukosea amekosea, kwa kutuachia magunia yasiyo na maandishi, lakini hakumdanganya mtu. Aliyejua ni mimi. Magunia niliyofunga ambayo hayakuuzwa yako ndani ya ghala, upande wa dirisha. Yakitazamwa mafundo yataonekana ni ya mkono wa kushoto. Naomba pia chumvi iliyokwisha kuuzwa dukani kwa Abdulwahab itafutwe, watu waambiwe.

Askari anayeniandika amenieleza kwamba nikiendelea kusema hivi naweza kuacha kuwa shahidi nikawa mtuhumiwa, na kwamba nina haki ya kutosema zaidi. Nimeelewa. Nilishasema yote.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na hakuna aliyenituma.

Sahihi: E. Y. Silwimba

MAELEZO YA ASKARI

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi, ameweka sahihi mbele yangu saa 5:50 asubuhi. Ameulizwa kama anataka ndugu yake aitwe, amesema shangazi yuko sokoni na hajui amekuja hapa. Nimempa maji.

Saa 6:10 mchana mwenye kampuni, Bw. Zahoro, amefika kituoni akihema, akisema ameambiwa shahidi yuko hapa, akitaka maelezo yake yachanwe. Nimemweleza kwamba hayachanwi. Amekaa kwenye benchi karibu na shahidi. Saa 6:35 amenyanyuka na kuomba maelezo yake mwenyewe ya tarehe 13/02/2025, ambamo alikiri hapa kituoni kwamba alifunga magunia yale, yaandikwe upya.

Koplo Anastazia, Tunduma