Eti Uwanja Hautoshi

Rongo, Julai 1996

Ndugu yangu Joash,

Hatujambo. Mahindi yamekomaa na ng'ombe mwekundu amezaa.

Jumapili mashabiki wa timu yetu walikutana kubishana kama uwanja upanuliwe. Eti hautoshi! Siku ya mechi ndani ni kutupu, kwa sababu hao hao mashabiki hutazama bure wakiwa juu ya mikaratusi. "Tunataka uwanja kama wa Nairobi!" alifoka Nchagwa, fundi wa viatu, ambaye hajawahi kupitia getini. Wajinga wenzake wakampigia makofi.

Nafasi iliyopo ya kupanua ni shamba letu, penye kaburi la mama. Baba, anayevaa jezi yao hadi kanisani, alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali.

Njoo kabla hawajamchimbia mama nguzo ya goli kifuani.

Dadako,
Truphena