Sarafu Iliyoogeshwa

Mwenzangu, uko? Shemeji yako ameniua leo.

Ile sarafu ya marehemu baba mkwe imerudi kutoka kwa wapima ubora. Ile ambayo mwaka wake ulipigwa chapa mara mbili kiwandani.

Nilikwambia mnunuzi alikuja mwenyewe sebuleni, akaweka lenzi jichoni, akaona tarakimu zimejirudia, akataka kuichukua palepale. Nikamwambia mume wangu, cheti ni cha kumshawishi mwenye shaka, na huyu hana shaka. Tuuze, tuezeke jiko.

Akanijibu, "Mke wangu, kitu bila cheti ni porojo." Akaipeleka. Ada ikala akiba ya mabati.

Leo kikasha kimefika, cha plastiki, kimezibwa pande zote. Lebo inasema aina yake ni halisi. Chini yake wameandika: "Imesuguliwa. Haipewi daraja."

Imesuguliwa! Nikamgeukia. "Uliisugua?"

"Kidogo tu, kwa dawa ya meno. Mtu haendi kwa daktari bila kuoga."

Bila kuoga, mwenzangu! Rangi iliyojijenga tangu ujana wa baba yake ameing'oa kwa mswaki. Mswaki WANGU.

Nikampigia mnunuzi. Akasema taratibu, "Mama, mimi nilikuwa nanunua huo uchafu."

Sasa mvua inanyesha, ndoo iko katikati ya jiko, na shemeji yako anatafuta kitambaa. Anasema kikasha kina alama za vidole.