Mume Wangu Alilia Vivyo Hivyo Kwenye Televisheni

Bi Muhsina mpenzi, nakuandikia katika ukurasa wako wa gazetini kwa kuwa mdogo wangu kanicheka, kaka yangu kanikebehi, na sina tena wa kumfungulia kifua isipokuwa yule yule ninayemlalamikia, basi nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mie ni mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya wasichana hapa Maskati, umri wangu unakaribia khamsini, nimezaliwa Unguja, na sasa nnaishi Al Khoudh na mume wangu wa pili, ambaye ni Mwingereza, na kabla hujakunja uso, alisilimu mwenyewe kwa hiari yake, na mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemchagulia jina la Jamil. Alikuja Maskati mwaka 1993 na kundi la waigizaji waliokuwa wakicheza michezo ya kuchekesha hotelini huku watu wanakula, wenzake wakarudi kwao yeye akabaki, akapata kazi ya kufundisha matamshi ya Kiingereza chuoni, na siku moja skuli yetu ikamwalika aje awafunze wasichana kusema mbele ya watu bila ya kutetemeka, na aliyetetemeka siku ile nilikuwa mie.

Kabla ya hapo, kwao Uingereza, alikuwa mwigizaji wa televisheni kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini usidhani ni wale wanaobandikwa kwenye mabango, la, Jamil ni yule mtu unayemwona kidogo tu kisha anapita: polisi anayebisha hodi kuleta khabari mbaya, daktari anayetoka chumba cha operesheni akitikisa kichwa, karani wa benki anayefungwa kamba na majambazi, na mara mbili alikuwa maiti, na anasema maiti ya pili ndiyo iliyosifiwa kuliko kazi zake zote kwa sababu alikuwa na mafua na hakupiga chafya. Waingereza wanaijua sura yake, jina hawalijui. Tukenda kununua vitu Madinat Sultan Qaboos, mtaa wanaokaa Wazungu hapa, hawakosi kumsimamisha, mmoja akamwambia, "Wewe si daktari wangu wa meno?" naye Jamil, kwa adabu zake, akamuuliza jino linaendeleaje.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza. Mwaka huu tumetia dishi jipya, na kuna stesheni moja inaonyesha michezo ya Kiingereza ya zamani, basi Alkhamisi moja nimekaa na mdogo wangu Kheiria, Jamil yuko nje anamwagilia mindimu yake, tunamwona huyo kwenye skrini, kijana zaidi, nywele anazo, anacheza mume ambaye mkewe yu mahututi hospitali. Daktari akamwambia mkewe kafariki. Jamil akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, akatazama dirishani, akasema, "Basi. Basi," kisha machozi yakamtoka jicho moja kabla ya jingine.

Bi Muhsina, kilio kile nilishakiona. Mama yangu alipofariki mwaka juzi, mama aliyemfundisha Jamil Kiswahili cha jikoni na kumwita mwanangu, Jamil alisimama mlangoni pa chumba, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akatazama dirishani, akasema, "Basi. Basi," na likatangulia jicho lile lile. Watu wote waliokuja kuhani waliona na wakasema Mzungu huyu kampenda mkwewe. Na mie kilio kile ndicho kilichonishika mkono miezi yote ya huzuni yangu.

Kheiria akapiga kofi paja lake akasema, "Dada, huyo si shemeji? Mbona analia kile kilio cha kwa mama?" akacheka mpaka akatoka nje ya sebule. Nilipomsimulia kaka yangu Amur, akanywa kahawa yake polepole, akasema, "Mtu aliyelipwa kulia miaka yote hiyo, leo atalia bure?"

Tangu hapo, kila mchezo wanaomwonyesha natazama, na kila nikitazama naona kitu changu: namna anavyoinamisha kichwa kunisikiliza, alimwinamishia hivyo hivyo mfungwa mmoja, na namna anavyopiga magoti kutafuta kiatu changu chini ya kitanda, aliwahi kupiga magoti hivyo akitafuta bastola. Na kuna mchezo mmoja anacheza mume anayemficha mkewe kwamba kafukuzwa kazi, kila mkewe akimuuliza khabari, anatabasamu, upande wa kulia wa mdomo unatangulia, anasema, "Nna raha zangu."

Sasa wiki tatu zilizopita simu ilitoka London, wakala wake wa zamani ambaye mie nilidhani keshakufa, wanamtaka kwa mchezo mpya, acheze mzee mwenye nyumba ya wageni kando ya bahari, na safari hii si wa kupita, atakuwemo mchezo mzima, wiki baada ya wiki, na jina lake litaandikwa mwanzo pamoja na wakubwa. Jambo hilo halijapata kumtokea. Nilimsikia akisema na simu ukumbini, sauti yake imepanda kama ya kijana. Akaja jikoni nikamuuliza, "Utaniacha?" Akasema, "Siendi popote. Nishawaambia hapana. Nna raha zangu hapa."

Na upande wa kulia wa mdomo ukatangulia.

Basi mie sijui, kama hapa ana raha kweli na mie nnamtilia shaka mtu mwema, au kama miaka tisa yote nimeishi na mtu anayenichezea mume, na kile kilio cha mama yangu nacho kilikuwa kazi tu, na wakala wake hakuikubali hapana ile, kampa mpaka mwisho wa mwezi ndio ajibu jawabu la mwisho, nami kila nikimtazama namwona yule wa kwenye dishi. Naomba uniambie nifanye nini, na tafadhali usinicheke, wameshacheka wengine.

Mke wa Jamil,
Al Khoudh

*

Mke wa Jamil, shoga yangu,

Umeniomba nisicheke na mimi ni mtu wa kusema kweli, kwa hiyo nakwambia nilicheka pale kwenye jino, kisha nikajizuia mpaka kwenye bastola. Sasa nimemaliza. Tuzungumze.

Wanawake wananiandikia hapa waume zao hawarudi nyumbani, waume zao wamewaolea wake wenza kimyakimya, waume zao hawajui hata watoto wanasoma darasa la ngapi. Wewe unaniandikia mumeo anakutafutia kiatu chini ya kitanda. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiitafuta dhambi ya huyu mtu, na niliyemwona na dhambi ni wewe, unakaa sebuleni na kumpeleleza mumeo kwenye televisheni wakati mwenyewe yuko uani anamwagilia mindimu.

Ulitaka alie vipi? Mtu ana uso mmoja, bibi wee. Mimi nikifiwa najifunika mtandio mpaka kwenye paji la uso, na nikikasirishwa na muuza samaki najifunika vile vile, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba msiba wangu ni wa uongo kwa sababu ya samaki. Hebu fikiri na hili. Wale waliomwajiri walimpa maneno ya kusema na nguo za kuvaa. Nani alimpa kile kilio? Hawakuwa nacho dukani. Walimwambia, hapa mkeo kafariki, na maskini akaingia ndani mwake akatafuta alichonacho, akawapa. Wao ndio walioazima kwake. Mama yako hakuliliwa kilio cha televisheni. Televisheni iliwahi kukipata kilio cha Jamil kabla yenu, basi, na wala hamkuwa mnajuana.

Na kaka yako Amur mwambie kwamba mimi nimeulizia kwa watu wanaojua mambo haya, nikaambiwa mwigizaji anayeweza kulia namna yoyote anayoamriwa ndiye anayepewa michezo mikubwa. Anayelia namna moja tu, yake mwenyewe, huyo hupewa kuwa polisi wa mlangoni. Mumeo miaka ishirini kabisha hodi. Una ushahidi gani mwingine unaoutaka kwamba si mwongo hodari?

Hapo nimemtetea mumeo. Sasa nakugeukia.

Kwenye lile tabasamu, nadhani umeona sawasawa. Si kwa sababu ya mchezo ule, ila kwa sababu umelala na kuamka naye miaka tisa na unamjua. Ulisikia sauti yake kwenye simu imepanda. Anaitaka kazi ile, naye kakuficha. Lakini kabla hujamwita mnafiki, soma tena ulichomuuliza. Hukumuuliza, "Unaitaka?" Ulimuuliza, "Utaniacha?" Mtu aliyekula mkate wake kwa kusema maneno aliyoandikiwa, wewe ukamwandikia neno moja tu la kujibu, akalisema, kisha unamlaumu kwamba kalisema kama mwigizaji!

Na usinidanganye mimi. Hukuuliza vibaya kwa bahati mbaya. Unaogopa. Hapa Maskati Jamil ni wako na wa mindimu, hajulikani na mtu ila wenye meno mabovu. Kule jina lake litaandikwa mwanzo. Unaogopa wakishamwona vizuri wasikurudishie. Hofu hiyo naielewa, na sikucheki kwa hilo hata kidogo. Lakini hofu yako usimvalishe yeye ukaiita uongo wake.

Basi fanya hivi. Usimuulize sebuleni, wala jikoni ambako ulishaharibu. Mpeleke mahali asipoweza kuondoka akenda kumwagilia kitu. Muulize, "Unaitaka kazi hii?" Kisha funga mdomo. Usimsaidie kujibu, hata akikaa kimya mpaka uone aibu. Akisema hataki, mwamini, na hilo dishi uligeuzie stesheni ya mapishi. Akisema anaitaka, mwambie aende, na wewe omba likizo yako uende naye, maana mwalimu wa Kiingereza anayeogopa Uingereza simwelewi. Nunua koti zito. Kheiria na Amur wanapokuja, watilie halwa nyingi mdomoni, hawatapata nafasi ya kukutia maneno.

Na kilio cha mama yako kirudishe moyoni mahali kilipokuwa. Hicho ni chako.

Bi Muhsina

*

Wasomaji, barua hiyo niliijibu miezi minane iliyopita. Mke wa Jamil kaniandikia tena, na kaniruhusu niichape.

Bi Muhsina mpenzi, nilifanya ulivyoniambia. Tulikwenda soko la Mawaleh kununua vitunguu na tungule za wiki, tukarudi kwenye gari, na kabla hajatia ufunguo nikamuuliza, "Jamil, unaitaka kazi hii?" kisha nikafunga mdomo, na Mungu ndiye anayejua tabu niliyoipata, maana alinyamaza mpaka watu wakaanza kutupigia honi wakitaka pa kuegesha. Mwishowe akasema, "Naitaka. Naitaka mpaka naona haya."

Nikamwambia, "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nitakuacha," akasema. "Jawabu lake lilikuwa hapana. Lilikuwa kweli, na ni kweli mpaka leo. Lile la pili hukuniuliza."

Nililia palepale garini, na yeye akaingia khofu akidhani kaniumiza, na kweli kidogo kaniumiza. Kisha akanitolea lililokuwa chini ya yote: anaogopa. Hajapata kupewa maneno zaidi ya ukurasa, na sasa ni mtu wa miaka sitini na mbili, itakuwaje akisahau mbele ya watu?

Basi akampigia wakala wake akasema ndiyo, maneno yakaletwa, tukafanya mazoezi. Kila jioni mie nikisoma maneno ya wenzake, yeye akijibu yake, na Amur aliyekuja kutukebehi akapewa asome maneno ya mgeni mmoja mgomvi wa nyumba ile ya wageni, akayasoma kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku ya pili alikuja mapema. Siku ya tatu alikuja keshayahifadhi, na akamwambia Jamil anasema haraka mno.

Sasa nakuandikia kutoka mji mdogo wa pwani huku kwao, upepo wake unapasua masikio, na koti nimenunua mawili. Jamil anatoka alfajiri, anarudi jioni. Wiki ya kwanza alisahau maneno mara mbili na hakuna aliyekufa. Jana alirudi uso umemwiva, hakutoa hata salamu, akanambia wameyakata maneno yake mazuri kuliko yote kwa sababu muda hautoshi, akavua kiatu akakipiga ukutani, akatukana kwa Kiingereza ambacho sikukifundisha skuli yoyote. Miaka tisa, Bi Muhsina, na mie sijapata kumwona mtu huyu kakasirika, nyumbani wala kwenye dishi. Nilikaa kitandani nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, nikahisi nimeolewa jana.

Akageuka, kiatu kimoja mguuni, akaniuliza, "Unacheka nini?"

Nikamwambia avae kiatu chake aje mezani, wali unapoa.