Camion Yenye Ilibadilisha Sauti

Muhindo, mujukuu wangu,

Tunakusalimia huku Butembo. Shangazi yako alivuna maharagi Kalunguta, na mimi nakohoa kidogo tu. Habari zingine unazisikia kwa radio.

Unaniuliza kama ununue pikipiki ya umeme, yenye haina kelele, juu unajua mimi ni mutu wa motere ya mazout.

Wakati nilikuwa shofere, bibi yangu, mama wa baba yako, alikuwa anasikia motere ya camion yangu tangu chini ya mulima, anaweka maji ya bugali kwa jiko. Bibi za bashofere wote walikuwa wanafanya vile. Siku moja mazout ilikosekana Oicha, nikachanganya kidogo yenye ilibakia na mafuta ya mawese. Camion ilipanda muzuri, inanuka sawa mandazi, na sauti ikakuwa laini. Nilifurahi sana. Kufika nyumbani, jiko ni baridi, na yeye anakaa kwa mulango, macho mekundu.

«Nilisikia camion inapanda,» akasema, «mais haikukuwa yako.»

Nilimuelezea mawese mpaka bugali ikaiva. Juu ya yale macho, sikumuuliza kitu, hata kiisha pale.

Leo camion zingali zinapanda, mais kaburi ya bibi yangu iko kule Kasugho, na sasa ni mimi nasikiliza.

Nunua ile pikipiki, mutoto wangu, haina kosa. Mais ukikaribia nyumba, piga kilaksoni. Bibi yako, ule mwenye ulioa, asikie ni wewe.

Sokulu wako, baba ya baba yako